Asubuhi Ambazo Hakuna Aliyekufa

Kuna nyumba ambazo asubuhi huanza kwa redio, na kuna ambazo huanza kwa watoto kugombania bafu. Nyumba ya Mzee Risasi ilianza kwa vifo. Chai ikishanywewa, mzee alijifuta mikono, akavuta kompyuta karibu, akafungua ukurasa wa matangazo ya vifo wa gazeti, na sauti ya kike, kavu, isiyo na haraka wala huzuni, ikaanza kumtajia walioaga dunia.

Mzee alikuwa haoni. Presha ya macho ilimla jicho moja, ikapumzika, kisha ikarudi kulimalizia la pili. Jina la Risasi halikutokana na bunduki, ingawa wageni walikaa naye kwa adabu nyingi mno hadi walipoelezwa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, enzi za herufi za madini ya risasi, akiokota majina ya marehemu herufi moja moja kwa vidole na kuyapanga kinyumenyume ili yakichapwa yasomeke sawa. Ile sauti ya kompyuta ilikuwa programu tu, ya kuwasomea wasioona yaliyomo kwenye skrini. Yeye akaipa jina Mama Mdogo. "Tangu mama yenu afariki," aliwatania wanawe, "huyu ndiye mwanamke pekee anayenivumilia. Na ukimkatiza hanuni."

Aliyemfundisha kompyuta ni bintiye, kitinda mimba, na kisa hiki ni chake. Alikuwa mtengenezaji wa kurasa za mtandaoni za gazeti hilohilo, na ofisini walimwita Bi Tagi, kwa sababu neno hilo halikumwisha mdomoni.

Tagi zenyewe si uchawi. Ukurasa wa mtandaoni una uso na una mifupa. Uso ni rangi na ukubwa wa herufi, ule mtu anaouona. Mifupa ni tagi: alama ndogo zinazokizunguka kila kitu na kukitaja, hiki kichwa cha habari, hii aya, hii orodha, hiki kitufe cha kubonyeza. Mwenye macho hazioni wala hana habari nazo. Lakini Mama Mdogo hana macho. Ukimwandikia jina kwa herufi nene kama mihogo, kwake ni neno kama maneno mengine. Mpaka umpe tagi ya kichwa ndipo atakapojua kuwa ni kichwa. Na iko tagi moja ya sanduku tupu, isiyotaja chochote, inayokubali kuvalishwa nguo yoyote ifanane na lolote. Wavivu wanaipenda hiyo kufa. Bi Tagi alikuwa akiwasuta bila huruma. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema, na vijana wa ofisini wakacheka, wakarekebisha.

Alilitoa wapi hilo? Kwa baba yake. Utotoni alikaa chini ya meza ya kiwandani akitenganisha herufi zilizochanganyika, na baba akimwambia kutoka juu, "Kipe kitu jina lake kwanza, mama. Nguo baadaye."

Basi kwenye kompyuta ya mzee alidondoshea tone la gundi juu ya herufi H, likakauka likawa kichuguu cha kupapasa. Ukibonyeza hapo, Mama Mdogo huruka mpaka kichwa kinachofuata, na kwenye ukurasa ule kila kichwa kilikuwa jina la marehemu. Mzee alibonyeza, akasikiliza. "Simjui." Akabonyeza. "Simjui. Mungu amlaze pema." Akabonyeza. "Aa, huyu aliwahi kunipiga mtama shuleni." Aliwapitia wote hivyo, na mwisho wa wote akashusha pumzi. Ukweli ni kwamba alikuwa akimtafuta mtu mmoja tu, akiomba asimkute.

Mtu huyo ni Fundi Saa. Walijuana tangu ujana, wakati kibanda chake cha kutengeneza saa kilipoegemea ukuta wa kiwanda, naye akishinda na kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Kila Jumapili alikuja kucheza drafti kwa vizibo vya soda, vya mmoja vimelala chali, vya mwingine kifudifudi, ili Risasi avitambue kwa vidole. Walitukanana mchana kutwa, na jioni wakaagana kama wachumba. Kisha nguvu zikamwisha, mwanawe akaja kumchukua akaishi naye mji mwingine. Siku ya kuondoka walipeana ahadi mbele ya Bi Tagi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mzigo wa mgeni mkononi. Atakayetangulia, mwenzake amtupie udongo kwa mkono wake. Si kutuma salamu, si kutuma mtoto.

"Na wewe kipofu utalionaje kaburi langu?" Fundi Saa aliuliza.

"Nitafuata harufu ya mafuta ya saa," mzee akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka wakakohoa.

Baada ya hapo ikawa simu za Jumapili, kwa simu ya yule mwana. Halafu simu zikakatika. Mzee alipopiga aliambiwa namba haipatikani. Akabaki na ukurasa wa vifo.

Sasa njoo kwenye makosa. Ofisini aliletwa mkuu mpya wa muonekano, kijana wa shati la kubana, ambaye hawakukawia kumwita Meneja Rangi. Aliutazama ukurasa wa vifo akakunja uso kama aliyelamba ndimu. Majina makubwa mno, alisema, yanatisha. Yeye alitaka jina jembamba, la kijivu, limekaa ubavuni mwa picha. Akasimama nyuma ya kiti cha Bi Tagi akimpumulia shingoni. Sasa tagi ya kichwa huja na ukubwa wake na nafasi zake; jina likawa linashuka, linaisukuma picha, linagoma. Kulituliza ni kazi ya kukaa na kutulia, na mtu yuko mgongoni anasema, "Bado? Bado?" Bi Tagi, yeye huyohuyo msutaji wa wavivu, akazing'oa tagi za vichwa zote, akaweka masanduku matupu, akayavalisha kijivu. Ukurasa ukakaa sawa papo hapo. Meneja Rangi akapiga makofi. Bi Tagi akajiambia, nitarudi kuurekebisha kesho.

Kesho ikaja na kazi yake. Haraka haraka haina baraka, tunawaimbia watoto, kisha wakubwa tunakimbia.

Asubuhi iliyofuata, nyumbani kwao, Bi Tagi alikuwa amevaa kiatu kimoja, akikitafuta cha pili chini ya kochi, aliposikia Mama Mdogo akisema, "Hakuna kichwa kingine." Kidole cha mzee kilikuwa bado juu ya tone la gundi. Kisha akainua uso.

"Leo hakuna aliyekufa!"

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja. Mama Mdogo kasema."

Bi Tagi akadhani ofisini wamechelewa kupandisha matangazo. Akampiga baba busu la kichwa, akaondoka mbio. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata. Mzee akaanza kuwatangazia hata majirani dirishani. Kifo kiko likizo, alisema. Kimechoka, nacho si kina miguu? Akawa anakula vizuri, na Bi Tagi akafurahi kuona shati linaanza kumjaa.

Mpaka siku moja kwenye chumba cha chai ofisini. Karani wa matangazo, mama mnene mwenye utani wa mazishini, alikuwa akijinyoosha vidole. "Jamani, wiki hizi watu wanakufa! Nachapa mpaka viungo vinaniuma. Mwambieni Mungu apunguze kasi, niko peke yangu."

Kikombe kikamponyoka Bi Tagi. Hakukiokota. Alirudi mezani kwake, akavaa vipokea sauti masikioni, akawasha programu ileile ya kusoma, akazima mwanga wa skrini ikawa nyeusi tii, akafungua ukurasa wa vifo kama baba anavyoufungua. Akabonyeza H.

"Hakuna kichwa kingine."

Akawasha skrini. Wote walikuwemo, safu kwa safu, wa kijivu, wamenyamaza ndani ya masanduku yao. Akashuka nao taratibu, na alipofika chini kabisa, tangazo la zamani kuliko yote tangu ukurasa ubadilishwe, akakutana na jicho moja kubwa likimtazama. Lilikuwa jicho la Fundi Saa nyuma ya kioo cha kukuzia. Anacheka. Chini yake waliandika siku ya mazishi, na siku hiyo ilikuwa imepita.

Bi Tagi alilia pale pale, waziwazi, mbele ya watu. Karani akadhani ni kikombe, akamwambia vikombe vipo vingi.

Kurekebisha kulikuwa mchezo tu. Aliweka vidole juu ya herufi, vikakataa. Akirudisha tagi leo, kesho asubuhi Mama Mdogo atamwambia baba, kwa sauti ileile ya kutaja bei za viazi, kwamba rafiki yake amekufa, amezikwa, na udongo ametupiwa na wengine. Na baba atauliza, kwa nini sikusikia? Akaenda ngazini akampigia dada yake mkubwa, aliyeolewa mbali na aliyezoea kuwaamulia watu.

"Ameshazikwa?" dada akauliza.

"Ameshazikwa."

"Basi. Utamfufua? Mzee anakula, analala, anacheka. Mwache na raha yake, mdogo wangu. Usiyoyajua hayakuumizi."

Akamwacha baba na raha yake. Na tangu saa hiyo kosa likawa uongo, maana kosa ulifanyalo bila kujua ni moja, na ulilindalo kwa makusudi ni jingine.

Lo, siku zile! Sauti ile ilimwandama. Lifti ikifunga milango, aliisikia: hakuna kichwa kingine. Maji yakitokota jikoni: hakuna kichwa kingine. Alipanga vyombo, akaisikia baina ya sahani na sahani, naye yuko peke yake na kompyuta imezimwa. Akafikiria nyumba nyingine, ambazo hazijui, zenye akina Mama Mdogo wao. Mahali fulani mtu amekaa na chai yake anaambiwa kuwa shangazi yake bado mzima. Marehemu wote wale walikuwa wamekwama mkononi mwake. Hawajaitwa. Alianza kuwaota wamepanga foleni kwenye korido ya ofisi, wa kijivu, wasio na vinywa, na wa mbele yao ana kioo jichoni.

Sebuleni kilikuwepo kiti cha Fundi Saa, cha mbao, mguu mmoja mfupi. Bi Tagi hakuweza tena kupita karibu nacho. Alizunguka nyuma ya kochi kama anakwepa dimbwi, na mzee, ambaye masikio yake yalikuwa makali, akauliza, "Mbona siku hizi unapita njia ya panya?"

"Nakwepa zulia, baba."

Jumapili mzee akapanga drafti. Alicheza vizibo vyake, kisha akanyoosha mkono akachezea na vya mwenzake, akimsema kila anapomla. "Umelala, Fundi. Umelala fofofo." Bi Tagi akakimbilia jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikie.

Na mzee akaanza kubadilika. Kila asubuhi alitangaza kuwa hakuna aliyekufa, ila sasa alitangaza bila kuinua uso. Halafu hasira zikamgeukia Fundi Saa. Mtu hapigi simu! Mtu amepata mwana mwenye nyumba ya vigae, amesahau waliomjua akila mihogo mikavu. Siku moja alivikusanya vizibo vyote akavitia kwenye kopo, akalifunga.

"Akija, asiingie," akasema. "Mwambieni nimekufa mimi."

Bi Tagi alikuwa amebeba bakuli. Akaliweka chini polepole. Alimwonea uchungu yule mzee wa kioo, anayetukanwa kwa kunyamaza, naye kunyamaza hakukutaka. Ni yeye Bi Tagi aliyemziba mdomo.

Mchana ule, ofisini, hakumwomba mtu ruhusa. Kila tangazo akalipa tagi ya makala, lisimame peke yake. Kila jina akalirudishia tagi ya kichwa, akakaa akalibembeleza mpaka likatulia ubavuni mwa picha. Tarehe akazipa tagi ya tarehe, namba za wafiwa akazifanya viungo vya kupigia. Meneja Rangi alipita, akatazama, akasema, "Mbona ni uleule tu?" Kwa macho yake ulikuwa uleule. Bi Tagi akaendelea na kazi. Alikuwa amefika kwenye picha, ambazo hakuna aliyewahi kuziandikia maneno ya kuwasomea wasioona. Kwa Fundi Saa aliandika, akafuta, akaandika. Mwishowe akaandika anachokiona tu.

Asubuhi hakwenda kazini. Alikaa mbele ya baba na maneno yamejipanga mstari kinywani: baba, nina jambo. Mzee akamaliza chai, akajifuta mikono. "Baba," akasema Bi Tagi. "Ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Hakuna aliyekufa." Na kidole kikashuka.

"Kichwa, ngazi ya pili," akasema Mama Mdogo, akataja jina.

Mzee hakushtuka. Akasikiliza hadi mwisho, akabonyeza tena. Likaja jina jingine.

"Kumbe amepona," akasema taratibu.

"Nani, baba?"

"Mama Mdogo. Alikuwa mgonjwa. Unadhani sikujua?" Akageuza uso kuelekea alipo binti. "Mimi nimepanga vifo tangu ndevu hazijaota, mama. Nafasi ile haijawahi kubaki wazi hata siku moja. Mwaka wa mafuriko, mashine ilipozama, tuliandika kwa mkono tukabandika mlangoni. Hakuna aliyekufa! Mji mzima huu?"

Bi Tagi akasogea karibu. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungetengeneza."

Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa walikuwa wawili, kila mmoja ameficha donda lilelile, wanapishana nalo sebuleni. Bi Tagi akapiga magoti chini ya mguu wa baba akamweleza yote, masanduku, haraka, ushauri wa dada. Mzee akampapasa kichwa, kisha akabonyeza, na kubonyeza tena, pole pole, mpaka kidole kikasimama.

"Yumo?"

"Yumo, baba."

"Bado mbali?"

"Anayefuata."

Mzee akaondoa kidole juu ya tone la gundi kana kwamba limemchoma. "Bonyeza wewe," akasema. "Mimi sitaki kumuua kwa mkono wangu."

Bi Tagi akabonyeza. Mama Mdogo akataja jina kamili, refu, la vyeti, ambalo mzee hakuwahi kulitumia hata mara moja. Kisha akasoma, "Picha. Mzee anacheka, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho la kulia, miwani imefungwa kwa uzi."

"Uzi ule nilimfungia mimi," mzee akasema. "Niliikalia miwani yake." Na hapo ndipo alipolia, kwa sauti kubwa, jinsi watoto wanavyolia.

Alipotulia akaomba viatu. Wakapanda basi la asubuhi hiyohiyo. Mwana wa Fundi Saa aliwapokea kwa aibu. Simu yake iliibwa, namba zote zikapotea, naye aliona tangazo la gazeti litamfikia kila mtu. Akawapeleka makaburini, akawaacha kwa heshima.

Kaburi lilikuwa bado na tuta, na kichwani mwake kibao cha mbao. Mzee akapiga magoti, akakishika kwa mikono miwili, akapitisha vidole vile vya mpanga herufi juu yake, kulia, kushoto, na tena.

"Mbona hakuna kitu?"

Bi Tagi akatazama. Jina lilikuwepo, zuri, limepakwa rangi nyeusi juu ya nyeupe. Lilikuwa rangi tu, hakuna aliyelichonga. Akakamata kidole cha baba, akakipitisha juu ya herufi ya kwanza, akamwambia ni ipi. Kisha ya pili. Wakaenda hivyo hadi mwisho, jua linawachoma visogo, mzee akizirudia moja moja kwa midomo, na zilipotimia akalitamka jina zima kwa sauti.

Halafu akapapasa tuta, akajaza kiganja udongo.

"Haya, Fundi," akasema. "Nimekubali umekufa."

Akautupa, akangoja ausikie ukianguka.